Piki ya umeme: nani aijaribu kwanza? (Maneno ya komite kwenye mkutano wa wanachama)



Mfadhili mmoja ametuandikia. Anataka kutupatia piki ya umeme ya kubebea wagonjwa, ili tuijaribu huku kwetu. Tunamshukuru sana. Lakini lile neno "kujaribu" lilitufanya tubishane mpaka usiku, na leo tunawaeleza tulipofikia.

Kule magari yanakotengenezwa, kitu kipya kinaanza kwa tajiri. Breki za ABS, zile zinazozuia tairi isifunge na gari kuteleza, Mercedes waliziweka kwenye gari lao la wakubwa mwaka 1978, na aliyezitaka alilipa zaidi. Leo zimo hata kwenye magari makuukuu. Kwa umeme ni vilevile. Mwaka 2019 Porsche walitoa Taycan ya volti 800, inayoweza kuchaji upesi kuliko zile za volti 400 watu walizozizoea. Ikafika 2021, Hyundai wakaweka volti 800 kwenye Ioniq 5, gari la bei ya chini zaidi.

Kwa nini tajiri? Kwanza bei yake inalipia kazi ya kubuni. Halafu, kitu kikiharibika, ana gari lingine nyumbani, garaji iko karibu, na garanti inalipa. Akikosea, hafi. (Na tusijidharau: bati, kama hii inayochimbwa huku Maniema, ndiyo inayounganisha vyombo vya umeme ndani ya magari hayo.)

Sasa tazameni safari yetu. Mama mwenye mimba anatoka Wamaza, damu inamtoka, njia ni matope na madaraja ya miti. Piki ya esansi ikizima, fundi anafungua kabireta, anaipuliza, mnaendelea. Piki ya umeme ikizima kwa sababu ya programu, nani ataifungua? Batri ikiisha usiku, jua la kuchaji kwa sola litatoka wapi? Kule Kigali piki za Ampersand zinaenda kwa sababu dereva anafika kwenye stesheni, anaacha batri iliyoisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Huku stesheni ya namna hiyo hatuna.

Wengine wetu walisema tukatae kabisa. Mama mmoja akajibu: esansi ikipanda bei tunabeba wagonjwa kwa tipoyi, sasa kitu kinachokula jua mnakifukuza kwa nini? Ana haki.

Basi tunaipokea, lakini ianze na mizigo. Ibebe sabuni, chumvi na mchele wa soko, kiangazi chote mpaka mvua ikolee, maana kwa kiangazi kila piki ni nzuri. Tunaomba batri mbili, si moja. Kijana wetu mmoja afundishwe kuitengeneza, na aachiwe vyombo vyake vyote. Piki ya esansi inabaki palepale, na franga za mafuta zilizo kwenye kasha hazitaguswa.

Mgonjwa wa kwanza atapanda siku kijana wetu atakapokuwa ameitengeneza yeye mwenyewe njiani, kwenye matope, bila kupigia mtu wa mbali simu.

Barua ya kumjibu mfadhili iko kwa katibu. Mwanachama anayetaka kuongeza neno aende kwake kabla ya Jumamosi.