Bei na Hiari: Habari za Kiwanda cha Ufinyanzi cha Marwitz

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vyama wanachama)



Nimeombwa nizungumze juu ya bei ya haki. Nitatumia mfano wa kiwanda kimoja cha vyombo vya udongo katika kijiji cha Marwitz, karibu na Berlin, nchini Ujerumani.

Mwaka 1923 Margarete Heymann, aliyepata kusoma katika chuo cha sanaa cha Bauhaus mjini Weimar, alikianzisha kiwanda hicho pamoja na mumewe, Gustav Loebenstein, na shemeji yake, Daniel. Wakakiita Haël, yaani herufi H na L za majina yao. Vyombo vyao vya chai, vyenye maumbo mapya na rangi kali, vilipata wanunuzi hata ng'ambo. Mwaka 1928 ndugu hao wawili walifariki katika ajali ya gari. Mjane akashika usukani peke yake, na mwaka uliofuata msukosuko wa uchumi ukaikumba dunia.

Mwaka 1933 Wanazi walishika serikali. Margarete alikuwa Myahudi. Kiwanda kikafungwa, na mwaka 1934 kikauzwa kwa bei iliyokuwa chini ya thamani yake. Majoko yakawashwa tena chini ya uongozi wa Hedwig Bollhagen, na baadhi ya maumbo ya Margarete yakaendelea kufinyangwa humo. Margarete alihamia Uingereza mwaka 1936, akaanza upya huko Stoke-on-Trent.

Bollhagen naye alikuwa fundi wa kweli. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilipokitaifisha kiwanda mwaka 1972, alibaki kuongoza ufundi. Mwaka 1992 kikarudi katika miliki ya watu binafsi, naye akafariki mwaka 2001. Hata hivyo, sifa zake hazikuzima swali la mauzo yale ya 1934. Wajerumani wamelijadili hadharani hata baada ya kifo chake.

Ndugu wajumbe, hati ya mauzo ilikuwapo, na fedha zililipwa. Kilichokosekana ni hiari. Muuzaji asiyeweza kukataa hakubali bei, huipokea tu. Basi tunapopima mizani na kukagua stakabadhi, tuulize pia: je, aliyeuza angeweza kurudi nyumbani na mali yake?