Pima Mbolea ya Planta Kabla ya Kupanda

Mnanijua: kazi yangu ni habari za kaunti, si kilimo. Leo nasimama kama mtoto wa mkulima.

Msimu uliopita mama yangu alikodi trekta apandiwe mahindi ekari 5. Alinunua magunia 5 ya DAP, moja kwa kila ekari. Ekari ya tatu ilipokwisha, mbolea nayo ilikuwa imekwisha. Dereva akaendelea na mbegu peke yake. Katika zile ekari 2 mahindi yalidumaa na majani yakawa ya zambarau, dalili ya kukosa fosforasi. Hakuna aliyeiba. Planta haikuwa imepimwa.

Kupima hakuchukui muda mrefu. Kwanza, safisha sanduku la mbolea na mabomba yake, kisha uvunje mabonge. Pili, pima mita 50 shambani, si barabarani, kwa sababu gurudumu linalozungusha mtambo wa mbolea huteleza kwenye udongo uliolimwa. Tatu, jaza sanduku hadi nusu, endesha kidogo mpaka kila bomba litoe mbolea, ndipo ufunge mfuko mdogo wa kitambaa chini ya kila bomba. Nne, endesha zile mita 50 kwa mwendo wa kupanda, kisha pima kila mfuko peke yake kwenye mizani.

Kama mistari yako iko sentimita 75 na unataka kilo 50 kwa ekari, kila bomba litoe takriban gramu 460. Ukipata 600, utatumia kilo 65 kwa ekari. Ukipata 300, utaweka kilo 32 tu. Rekebisha, urudie mpaka ilingane. Bomba moja likitoa kidogo kuliko mengine, huenda limeziba. Kwa mama, kama tungepima, tungekuta karibu gramu 770, na tungejua kabla ya gunia la kwanza kuisha.

Ukibadilisha mbolea, tuseme kutoka DAP hadi 23:23:0, pima upya, maana punje hazilingani. Ukishapata kipimo sahihi, kiandike pamoja na aina ya mbolea. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wenye matrekta, mkulima akiomba mpime, msidhani anawashuku. Anayepata mavuno mazuri atawaita tena. Nanyi wakulima, msione haya kuomba. Mbolea ni yenu, na mmeilipia. Anayekwama amwone afisa wa kilimo wa wadi yake mapema, kabla kila mtu hajaanza kugombania trekta.

Mvua itukute tayari.