SELIMUNDU: MAARIFA YA MAABARA YAFIKE DARASANI



Utafiti wa sayansi huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni shamba lililogawanywa kwa mipaka: tabibu upande wake, mkemia upande wake, na mhandisi wa majengo mbali kabisa, kule kwenye saruji na nondo. Mgawanyo huo unafaa ofisini, katika kupanga vyeo na mishahara. Mwili wa binadamu hauutambui. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita siko seli, ni ushahidi wa jambo hilo, na sehemu kubwa ya ushahidi wenyewe ilipatikana Afrika ya Mashariki.

Mwaka 1910 daktari mmoja wa Chicago, James Herrick, alichapisha habari za kijana mgonjwa kutoka kisiwa cha Grenada, ambaye chembe nyekundu za damu yake zilipinda mfano wa mundu. Herrick aliona umbo, sababu hakuijua. Ilipita miaka 39 kabla ya sababu kuanza kudhihirika, na waliotangulia kuionyesha waliongozwa na mkemia, Linus Pauling wa California. Walithibitisha kwamba himoglobini ya wagonjwa, yaani protini ibebayo oksijeni katika damu, ni tofauti na ya watu wengine. Mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha jinsi tofauti hiyo ilivyo ndogo. Katika mnyororo wenye viungo 146 vya asidi amino, kiungo kimoja tu, cha sita, kimeondolewa na kingine kuwekwa mahali pake.

Je, kiungo kimoja chawezaje kumuua mtoto? Hapa fikra za mjenzi zahitajika. Mhandisi huuliza: jengo hili litastahimili mzigo gani, na likishindwa, litaanza kushindwa wapi? Chembe nyekundu isiyo na kasoro ni mfano wa mfuko laini. Hujikunja ikapenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko upana wake yenyewe. Himoglobini yenye kasoro, ikishatua oksijeni yake, hunatana molekuli kwa molekuli hata kufanya kamba ndefu, kila kamba imesokotwa kwa nyuzi 14. Mfuko laini sasa umetiwa nondo ndani. Haukunjiki tena, hukwama, damu ikaziba nyuma yake, na sehemu ya mwili iliyonyimwa damu huanza kuuma. Maumivu yale ambayo mtoto huyalilia usiku kucha, na ambayo baadhi ya majirani huyaita uchawi, yana asili moja na boriti iliyoelemewa: ni habari ya nguvu na ugumu wa vitu.

Umbo la himoglobini lenyewe halikujulikana kwa siku moja. Max Perutz alianza kulichunguza kwa eksirei mwaka 1937, na picha yake ya kwanza iliyoeleweka aliichapisha mwaka 1960. Ni miaka 23. Mkaguzi wa mahesabu aliye mwangalifu angeweza kuufunga mradi huo mara nne au tano, tena kwa hoja nzuri.

Lakini lilibaki swali ambalo maabara za Ulaya na Marekani zisingeweza kulijibu. Kwa nini kasoro yenye kuua haikutoweka pamoja na waliokufa nayo? Jibu lilitafutwa na Anthony Allison, tabibu aliyekulia Kenya. Alipima damu za watu na kukuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria urithi huo ulikuwa kwa watu 20 au zaidi katika kila 100, hali nyanda za juu haukufika hata mmoja. Ramani ya urithi ilifuata ramani ya malaria. Kisha aliwapima watoto 290 wa Kiganda. Kati ya 43 wenye urithi huo, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nao, 113. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1954. Anayerithi kasoro kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Wazazi wawili wenye urithi huo, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Si laana, wala si kosa la mama peke yake, kama wakwe wengine wanavyopenda kusema.

Yafaa kuuliza matunda ya elimu hiyo yamekwenda wapi. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni za mgonjwa. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Damu ya watoto wa Uganda ilisaidia kutoa jibu. Wajukuu zao wanaonyeshwa bei ya dawa.

Hata hivyo, si kila msaada ni wa bei hiyo. Dawa ya vidonge iitwayo haidroksiyurea ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba maumivu, malaria, haja ya kuongezewa damu na vifo vilipungua. Tanzania, ambako inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, ina wataalamu wa Muhimbili ambao wamewafuatilia wagonjwa tangu mwaka 2004. Wajuzi wapo.

Pengo liko kati ya mjuzi na mtoto. Mtoto asiyepimwa hutibiwa malaria leo, homa ya matumbo kesho, na wengi hufa kabla ya kutimiza miaka 5. Anayeokoka hufika shuleni akiwa mdogo wa umbo, macho ya manjano, mtoro wa kila mwezi katika daftari la mahudhurio. Mwalimu asiyejua humchapa kwa uvivu, au humtuma kuchota maji asubuhi ya baridi, na baridi ni mojawapo ya mambo yanayoamsha maumivu. Mwalimu ajuaye humruhusu kunywa maji wakati wowote na kwenda haja bila kuomba, humwondolea adhabu za juani, na akimwona ana homa hamngoji mzazi atoke shamba. Kipimo cha mtoto mchanga huhitaji matone machache ya damu kutoka kisiginoni, katika kliniki ileile anakopelekwa kwa chanjo.