Hotuba ya Katibu: Fimbo ya Kuvulia Ipi Tununue?

Mkutano uliopita wengi mlitaka tununue fimbo ngumu, eti kwa kuwa sangara ana nguvu. Fedha ni za wote, kwa hiyo nisikilizeni kwanza. Mimi sikubali.

Kile kisamaki bandia chenye ulimi wa plastiki mbele, ukikivuta, maji hupiga ule ulimi, nacho huzama na kutikisika kama furu anayekimbia. Sangara hukifuata na kukivuta kinywani pamoja na maji. Sasa fimbo inayopinda ncha tu humnyang'anya kabla hajafumba mdomo. Tena ndoano zake ni za matawi matatu, nyembamba, hushika nyama kidogo. Sangara akiruka juu na kutikisa kichwa, fimbo ngumu haimfuati. Nyama inachanika, samaki kwaheri!

Inayofaa hupinda kuanzia katikati. Za faibaglasi nyingi ndivyo zilivyo. Za kaboni mara nyingi ni ngumu zaidi. Dukani msitazame rangi. Mmoja ashike mpini, mwingine avute ncha taratibu, muone inapopinda. Lakini isilegee kama unyasi, maana kisamaki chenye ulimi mrefu huzama sana na huvuta kwa nguvu.

Mwenye mshipi wa kusokotwa aangalie zaidi, kwani haunyumbuki kama nailoni. Na samaki akila usichomoe kwa pupa, endelea kuvuta tu.

Sangara asiyefika sentimita 50 arudishwe majini, sheria ndiyo hiyo.

Wanunuzi wawili tuwachague kabla ya Jumamosi.