MTARO WA MVUA: NANI APANGE, NANI ALIPE?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wakaao Nyayo Highrise na Soweto, Kibera



Neno letu la leo ni mtaro wa maji ya mvua. Huenda mtu akauliza, chama cha wafanyakazi kina shughuli gani na mitaro? Jawabu ni fupi. Tukipata nyongeza ya mshahara, kisha mvua ya usiku mmoja ikachukua godoro, unga na viatu vya watoto, nyongeza ile imekwenda na maji. Tena mfanyakazi aendaye viwandani kwa miguu, asipoweza kuvuka asubuhi, hupoteza kibarua cha siku ile. Basi jambo la mtaro ni jambo la mshahara.

Kwanza tuyajue maji yenyewe. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja huleta lita 500,000 za maji. Shambani, sehemu kubwa hunywewa na udongo. Juu ya mabati, lami na saruji hayana pa kuingia, na karibu yote hukimbia mara moja. Maji ya magorofa yetu na maji ya mabati ya Soweto huelekea upande mmoja, Mto Ngong, na mto huo huingia Nairobi Dam, bwawa lililojengwa mwaka 1953, ambalo leo limejaa tope na magugu. Kwa hiyo mtu achimbaye mtaro mbele ya mlango wake tu hajaondoa maji. Amempelekea jirani wa chini.

Ndiyo maana mtaro hupangwa kutoka chini kwenda juu. Mhandisi akija, tumwulize mambo manne. Maji yataishia wapi? Ni eneo kubwa kiasi gani litakalomwaga maji humo? Mwinamo watosha kusukuma mchanga, au mchanga utalala? Na nani atazibua mtaro kabla ya mvua za Machi na za Oktoba? Pia tusichanganye mtaro na bomba la maji machafu. Maji ya mvua yakiingizwa katika bomba la choo, bomba hushindwa, na uchafu hutokea juu kwa mashimo yake, milangoni mwetu.

Sasa tuje kwenye fedha. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imesema wazi kwamba mifumo ya maji ya mvua katika sehemu zilizojengwa ni kazi ya serikali ya kaunti. Mtaro mkubwa, basi, si sadaka ya mheshimiwa yeyote wakati wa kura. Ni haki iliyokwisha kulipiwa kwa kodi zetu.

Lakini haki ina kalenda yake. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya matumizi hufika huko kufikia tarehe 30 Aprili. Na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Sisi hupiga kelele mwezi wa Aprili, maji yakiwa magotini, na wakati huo mpango umekwisha kuandikwa bila mtaro wetu. Yafaa tupeleke ombi letu mwezi wa Julai na Agosti, wakati wa vumbi, likiwa na ramani, vipimo na sahihi za wakaaji.

Je, sisi wenyewe tusitoe kitu? Tutazame mji wa Karachi, nchi ya Pakistan. Mwaka 1980 Bwana Akhtar Hameed Khan alianza kazi katika mtaa wa Orangi. Wakaaji walijipanga kichochoro kwa kichochoro, wakalipia choo cha nyumba na bomba la kichochoro. Bomba kuu likabaki mzigo wa serikali. Mgawanyo huo watufaa. Tuseme kichochoro kina nyumba 25, na kila nyumba yatoa shilingi 200 kwa juma. Kwa majuma 10 zitapatikana shilingi 50,000 za saruji na kokoto. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba hicho ni cha kichochoro. Kisiwe cha kujaza pengo la mtaro mkuu.

Yako mambo mengine matatu ambayo hatuwezi kuyanyamazia.

La kwanza, wengi wetu ni wapangaji. Mtaro ukijengwa, nyumba hupanda thamani, na mwenye nyumba hupandisha kodi. Basi mwenye nyumba atoe sehemu iliyo kubwa, na tuandikiane naye kabla ya jembe kupiga ardhi.

La pili ni ujira. Mwaka 2020, katika mpango wa Kazi Mtaani, vijana wa Kibera walilipwa kwa kusafisha mitaro. Kazi ya serikali ina mshahara. Mtu asituambie tuchimbe mtaro mkuu bure kwa jina la kujitolea, huku mwanakandarasi akipokea hundi.

La tatu ni wale walio kando ya mto. Katika mafuriko ya mwaka 2024, yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini Kenya, serikali iliamuru watu waondoke kandokando ya mito, na nyumba nyingi za Nairobi zikabomolewa. Hatusemi watu wakae mahali pa kufa. Twasema mpango wowote wa mtaro utaje mapema nyumba zitakazoondolewa, wapangaji waende wapi, na fedha za kuhamia zitoke wapi. Gharama hiyo ni sehemu ya bei ya mtaro, kama saruji ilivyo.

Kila kichochoro sasa kichague watu watatu, mmoja wao awe mama, maana akina mama ndio wajuao maji huingilia wapi. Fedha zitunzwe kwa sahihi mbili, na hesabu ibandikwe ukutani kila mwezi, hata asiyetoa aisome. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi kuta zetu ni za udongo.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.