Sitalike: Kijiji cha Wakulima, Viboko na Maji ya Katuma



Msafiri atokaye Mpanda kuelekea Sumbawanga hufika Sitalike baada ya mwendo wa yapata kilomita 35. Hukiona kijiji tulivu cha wakulima, mashamba yake ya mahindi na mpunga, maduka machache na daraja. Wengi hupita bila kusimama. Anayesimama wakati wa kiangazi huwaona viboko wa Mto Katuma wamebanana mgongo kwa mgongo katika maji yaliyobaki, wakikoroma na kusukumana, na mamba wamelala juu ya tope. Wapo watu wanaovuka bahari kuja kuitazama hali hiyo, ilhali mwenyeji huipita kila siku akiwa na jembe begani.

Hapo Sitalike ndipo lilipo lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998 hadi kufikia kilomita za mraba 4,471. Ndani yake mna misitu ya miombo, mbuga za nyati na tembo, na maziwa ya msimu ya Katavi na Chada. Jina lenyewe linatokana na Katabi, mwindaji wa simulizi za Wabende, ambaye roho yake husemwa kukaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi. Apendaye kutembea kwa miguu hifadhini hufuatana na askari mwenye silaha, na sharti hilo si la urembo.

Mgeni akilala kijijini hata usiku mmoja, atakula wali wa mpunga wa hapo hapo na kununua karanga na asali. Kitanda safi, choo kizuri na chakula cha moto ni mambo yaliyo ndani ya uwezo wa familia nyingi, wala hayahitaji kusubiri mwekezaji.

Hata hivyo, yote hayo yanategemea mto mmoja. Katuma hupita Sitalike, huyalisha maziwa ya Katavi na Chada, kisha maji yake huendelea kwa Mto Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Mvua zikikoma, maji hupungua kwa desturi ya nchi. Lakini mifereji na mabwawa ya kumwagilia mashamba huko juu yamekausha mto mapema zaidi ya desturi hiyo. Mkulima wa juu hana nia mbaya. Anatafuta chakula cha watoto wake. Naye wa chini anatafuta hicho hicho. Ndiyo sababu sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 humtaka anayechepusha maji ya mto awe na kibali, na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 huzuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Kibali si karatasi ya kumsumbua mkulima: ndicho kinachowezesha maji kugawanywa kabla hayajagombaniwa.

Kiboko aliyebanwa mchana hutoka usiku kutafuta nyasi, naye huweza kula yapata kilo 40 kabla ya mapambazuko. Shamba la mpunga lililo karibu na mto kwake ni malisho tu. Basi asifukuzwe kwa mawe wala kwa mienge, na mtu yeyote asisimame baina yake na maji, kwa kuwa ndiko atakakokimbilia.

Mazao yakiharibiwa, mwenye shamba atoe taarifa mapema kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, nyayo zikiwa bado zinaonekana, ili Afisa Wanyamapori aje kufanya tathmini. Kwa mazao au mifugo hutolewa kifuta jasho. Kwa mtu aliyejeruhiwa au kufariki, kifuta machozi. Malipo hayo hayalingani na hasara yote, na ni vema hilo lisemwe wazi. Lakini shamba lisiloandikwa katika daftari la mtendaji halipati hata hicho.