Nilichokikuta Nyumba kwa Nyumba

Hotuba ya aliyekuwa diwani wa kata yetu kwenye mkutano wa mwaka wa chama, Dar es Salaam

  Wazee wamenituma niwaambie kwamba makande yapo, njooni.

Mwenyekiti aliponipigia simu na kuniomba nizungumzie kampeni, nilisita. Nikamwambia chama chetu hiki hakina siasa, ndani yake wamo watu wa vyama vyote. Akanijibu, "Za chama chako tuachie. Tuambie ulichokikuta majumbani." Basi nitasema hayo tu.

Kampeni za mwaka 2015 zilifunguliwa 22 Agosti, na kura ikapigwa 25 Oktoba. Miezi miwili. Mwanzoni nilidhani kazi ni mikutano ya hadhara: spika, kijana wa kupiga muziki, na mimi juu ya meza. Watu walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka. Jioni moja mzee mmoja akanivuta pembeni. "Kijana," akasema, "pale uwanjani tunakusikiliza wewe. Ukitaka kutusikia sisi, njoo nyumbani."

Kesho yake nikaanza kutembea. Mnajua kwetu nyumba moja iko juu ya kilima na ya pili iko ng'ambo ya korongo. Siku niliyojitahidi sana nilifika nyumba 11. Baadhi ya nyumba niliulizwa, "Umetuletea nini?" Mwingine alitaka sukari, mwingine sabuni, vijana walitaka "ya soda". Sitawadanganya kwamba sikushawishika. Lakini Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inakataza kununua kura, na mimi mwenyewe niliona kwamba aliyekula sukari yangu leo kesho hatakuwa na haki ya kunidai barabara. Tutakuwa tumelipana.

Niliyoyasikia huko ndani hayakufanana na ya uwanjani. Uwanjani watu walidai lami. Nyumbani walizungumza maji ya ndiva: kwamba wa juu wanafungulia usiku zamu isiyo yao na wa chini wanaamka kukuta mfereji mkavu, na ndugu wawili hawasalimiani kwa ajili hiyo. Walizungumza vijana waliovuna tangawizi wakakosa gari la kuiteremsha. Na karibu kila nyumba yenye mama mtu mzima, walizungumza lile boma la zahanati.

Wengi wenu mnalijua. Lilijengwa kwa msaragambo. Mbiu ililia, watu wakapanda na mawe kichwani, akina mama wakabeba mchanga na maji. Kuta zikafika kwenye lenta, zikakoma hapo. Miaka ikapita, mbuzi wakalifanya zizi.

Bibi mmoja alinikaribisha, akanipa kiti, akakaa chini kwenye mkeka. Akaniambia mkwe wake alishikwa na uchungu usiku. Wanaume wakambeba kwa machela kuteremka kutafuta gari la kwenda hospitali ya wilaya pale Same. Alijifungulia njiani. Mama alipona. Mtoto hakufika. Kisha akasema, "Tulipita naye pembeni ya lile boma. Mchanga wa ukuta ule niliubeba mimi."

Nikasimama nikamwambia, "Bibi, nikichaguliwa, Juni haitapita boma lile halijaezekwa."

Nilichaguliwa. Juni ikapita. Na Juni ya pili ikapita.

Ndugu zangu, nilitoa ahadi bila kujua kazi ya diwani. Nilidhani diwani ana fungu. Hana. Mwaka wa fedha wa halmashauri unaanza 1 Julai, na kinachoingia kwenye bajeti kinapaswa kuanzia kijijini, kipite Kamati ya Maendeleo ya Kata, ndipo kifike Baraza la Madiwani. Huko Barazani kila diwani ana boma lake lisilo na bati, na mapato ya halmashauri ni yale yale. Nilipofungua mihtasari ya vijiji vyetu nikakuta kila kijiji kimeandika kipaumbele chake: hiki darasa, kile daraja, kingine choo cha shule. Zahanati ya kata nzima haikuwa imeandikwa na yeyote kama jambo la kwanza. Kila mtu alilia nayo nyumbani kwake, na mkutanoni akanyamaza.

Hapo nikafanya jambo ambalo kwa kweli niliona aibu kulifanya. Nikarudi nyumba kwa nyumba, wakati hakuna uchaguzi. Watu walishangaa. Mmoja aliuliza, "Kwani wamefuta kura?" Nilianzia kwa yule bibi. Nikamwambia nilisema jambo nisilolijua. Hakunigombeza. Akauliza, "Na ile michango yetu ya mwanzo, iko wapi?"

Swali lile nililikuta karibu kila nyumba. Watu hawakuwa wamechoka kuchangia. Walikuwa wamechoka kutosomewa hesabu. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaweka mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Kwetu ulikuwa unaitishwa kukiwa na mgeni.

Tukaanza hapo. Hesabu za zamani zikasomwa, zilizokuwa na risiti na zisizokuwa nazo. Palikuwa na maneno makali siku ile, na mengine nilistahili mimi. Lakini baada ya siku ile karatasi ya mapato na matumizi ilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji, na kila mchango mpya ukaandikwa juu yake kwa jina. Vijiji vyote vikakubaliana kuiandika zahanati kuwa ya kwanza. Mbiu ikalia tena. Ninyi wa Dar mkatuma bati na misumari, nasi tukapandisha mbao kwa mabega. Halmashauri ilipoona paa, ikaingiza umaliziaji kwenye bajeti. Ilituchukua karibu kipindi changu chote cha miaka 5.

Leo jengo lipo. Lina paa, milango, sakafu na choo. Lakini bado limefungwa. Hakuna nyumba ya mtumishi, na muuguzi hawezi kukaa kule mlimani kwa kupanga chumba ambacho hakipo. Halina shimo la kondo la nyuma wala kichomea taka, na bila hivyo huwezi kuzalisha mama hapo. Hayo matatu ndiyo yaliyonileta mbele yenu usiku huu. Msingi wa nyumba ya mtumishi umeshachimbwa kwa msaragambo, mawe yapo, mchanga upo. Tunachokosa ni saruji, nondo, bati na fundi. Kila shilingi mtakayotoa itabandikwa mlangoni, na picha ya karatasi ile itatumwa kwenye kundi lenu la simu kila mwezi.

Neno la mwisho. Kuna siri moja ambayo wagombea wote wa kwetu wanaijua. Ninyi hampigi kura kule, lakini mama yako kabla ya kwenda kituoni anakupigia simu wewe. Ndiyo maana hata mimi mwaka 2015 nilipanda basi kuja kuwaomba kura watu wasio na kura. Watakuja tena. Msiwafukuze, ila muulizeni kila mmoja mambo matatu. Mkutano mkuu wa kijiji chako ulikaa lini? Kipaumbele cha kwanza kilichoandikwa kwenye muhtasari ni kipi? Na unachoahidi, fedha yake inatoka fungu gani? Mngeniuliza mimi wakati ule, nisingemwambia yule bibi habari za Juni.

Bado yupo. Nilimpitia kabla ya kusafiri, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia naenda kwa watoto wake wa Dar. Akasema, "Waambie paa nimeliona. Sasa nataka kuona taa ikiwaka ndani."